Nadharia za usimamizi dhidi ya matatizo makubwa ya jamii: mwongozo kamili wa kuzitumia kazini

Njaa, magonjwa ya kuambukiza, mito inayokauka, vijana wasio na ajira: yote haya yana mipango, bajeti na kamati, na bado mara nyingi hayasogei. Ukifuatilia kwa karibu utaona kwamba kazi imekwama mahali fulani mahususi. Foleni imeziba mbele ya hatua moja, au watumishi wanasifiwa kwa jambo lisilohusiana na lengo, au kila mmoja anachota kisima cha wote bila kujali wa kesho. Nadharia za usimamizi ni za kufungulia mikwamo ya namna hiyo. Kila nadharia ilitengenezwa kwa aina yake ya mkwamo, na ndiyo sababu kuichagua kwa umaarufu wake ni kupoteza muda. Kwanza tafuta panapokwama, kisha ndipo uchague.

Mwongozo huu ni wa anayesimamia kazi yenyewe: mratibu wa mradi, mkuu wa idara, kiongozi wa chama cha watumia maji, mganga mfawidhi.

Kabla ya kuanza

Unda kikundi cha watu watano hadi wanane. Angalau wawili wawe wale wanaoifanya kazi kwa mikono yao kila siku, mmoja awe mpokeaji wa huduma, na mmoja awe na mamlaka ya kubadili utaratibu bila kuomba kibali mara tatu. Huyu wa mwisho akikosekana, kikundi kitaandika ripoti nzuri na hakuna kitakachobadilika. Tafuta takwimu za wiki 12 zilizopita, hata kama ziko kwenye daftari la mkono. Jipeni siku 90 za mzunguko wa kwanza.

Hatua ya 1: Likate tatizo mpaka lishikike

Mwaka 1973 Horst Rittel na Melvin Webber walieleza kwa nini matatizo ya jamii hayafanani na ya hesabu: hayana tafsiri moja ya mwisho, hayana mahali pa kusema "tumemaliza", na kila jaribio la kuyatatua huyabadilisha. Mwaka 1984 Karl Weick akaongeza jambo la vitendo: tatizo likitajwa kwa ukubwa wake wote, watu huzidiwa na uwezo wao wa kufikiri hupungua. Tiba yake ni ushindi mdogo, ulio kamili na unaoonekana.

Andika sentensi moja yenye mambo matano: watu gani, eneo gani, kipimo gani, kutoka kiasi gani hadi kiasi gani, kufikia lini. "Kupunguza vifo vya watoto" haifai. Inayofaa ni hii: "Katika vituo hivi vinne, watoto wanaopata chanjo ya kwanza lakini wakakosa ya tatu wapungue kutoka 28 hadi 14 kati ya kila 100, ndani ya miezi tisa."

Kosa la kawaida hapa ni kuingiza jibu ndani ya swali. Sentensi yako ikianza na "ukosefu wa gari" au "upungufu wa mafunzo", umeshaamua dawa kabla ya kumpima mgonjwa, na kikundi kizima kitatumia miezi mitatu kutafuta gari. Futa neno "ukosefu" na uandike kile kinachowapata watu.

Hatua ya 2: Ifuate kazi mwanzo hadi mwisho

Chagua kesi kumi halisi: wagonjwa kumi, maombi kumi ya hati ya ardhi, magunia kumi ya mbegu. Fuata kila moja kutoka inapoingia hadi inapotoka. Katika kila kituo andika muda wa aina mbili, yaani dakika ambazo kuna mtu aliyekuwa akiishughulikia, na dakika au siku ambazo ilikuwa imekaa tu. Kwa kawaida muda wa kukaa huuzidi ule wa kazi mara nyingi, na watu hushtuka kuuona umeandikwa.

Usitegemee mwongozo wa utaratibu uliobandikwa ukutani. Mwaka 1980 Michael Lipsky alionyesha kwamba mtumishi wa mstari wa mbele, aliyezidiwa na watu na mwenye muda mchache, hujitungia njia zake za kukata kazi, na njia hizo ndizo sera halisi anayokutana nayo mwananchi. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Kwa hiyo muulize anayekilalia, na umuulize bila bosi wake kuwapo.

Ukimaliza, dalili zitakuambia uelekee wapi. Kazi ikirundikana mbele ya hatua moja huku hatua nyingine zikisubiri, nenda Hatua ya 3. Kila idara ikitimiza malengo yake na tatizo likabaki palepale, nenda ya 4. Watu wengi wakichota kitu kimoja kinachokwisha, nenda ya 5. Wachache wakifanikiwa pale pale wengine wanaposhindwa, au uamuzi mzuri ukiwekewa vigingi kila mara, nenda ya 6. Dalili mbili zikijitokeza pamoja, anza na ile iliyo karibu zaidi na mpokeaji wa huduma.

Hatua ya 3: Panapoziba

Eliyahu Goldratt alisisitiza tangu miaka ya 1980 kwamba mfumo wa hatua zinazofuatana hutoa kiasi kile tu ambacho hatua yake dhaifu kuliko zote inaweza kupitisha. Njia yake ina hatua tano na mpangilio wake ndio wenye uzito: tafuta kizuizi, kitumie kwa ukamilifu kama kilivyo, hatua nyingine zote zikifuate kasi yake, ndipo ukiongezee uwezo, na kikishafunguka, rudi mwanzo kwa sababu kizuizi kimehamia kwingine.

Mashirika mengi huruka moja kwa moja hadi hiyo ya nne, ya kuongeza uwezo kwa kununua. Tazama hesabu hii. Chukulia vituo vinakusanya sampuli 60 za makohozi kwa siku. Usafiri unaweza kubeba 80, maabara inasoma 40, na ofisi ya kurudisha majibu inamudu 100. Mradi ukianzisha kampeni ya kuhamasisha watu mpaka sampuli zifike 80, majibu yatabaki 40. Kilichobadilika ni mlundikano tu: zamani ulikua kwa sampuli 20 kila siku, sasa unakua kwa 40. Kampeni itaandikiwa ripoti ya mafanikio ilhali wagonjwa wanasubiri zaidi.

Kujua wanasubiri kiasi gani hakuhitaji mashine yoyote. Kanuni aliyoithibitisha John Little mwaka 1961 inatosha: gawanya idadi iliyo kwenye foleni kwa idadi inayomalizwa kwa siku. Sampuli 600 kabatini, 40 kwa siku, ni siku 15. Kanuni hii hukupa wastani, na sharti lake ni foleni iliyotulia. Foleni inapoendelea kukua, siku zinazomsubiri anayekuja kesho ni nyingi zaidi.

Sasa uliza kwa nini maabara inasoma 40 tu. Chukulia mtaalamu anafanya kazi saa nane, lakini mbili kati yake anazitumia kunakili majina kutoka fomu hadi daftari. Sampuli 40 ndani ya saa sita ni karibu 7 kwa saa. Kazi ya kunakili ikipewa karani, saa nane zitatoa sampuli 53. Kisha angalia zinazosomwa bure: kama moja kati ya nane imeharibika au haina jina, basi katika zile 40 tano hazikuwa na faida. Ziondoe mlangoni, kabla hazijala dakika za mtaalamu. Majibu yenye maana yamepanda kutoka 35 hadi 53 kwa siku, na hujanunua darubini.

Lakini usiishie hapo. Sampuli 60 zikiondolewa mbovu hubaki 52 au 53, yaani maabara sasa inafanya kazi kwa uwezo wake wote bila nafasi ya kupumua, na zile 600 za zamani bado zipo. Katika hesabu ya foleni sahili ya mhudumu mmoja, ambapo watu wanakuja bila mpangilio, mhudumu akitumika asilimia 80 ya muda wake, kusubiri kwa wastani ni mara 4 ya muda wa kumhudumia mtu mmoja. Akitumika asilimia 95, kusubiri ni mara 19. Wakaguzi wa matumizi huona asilimia 20 isiyotumika kuwa uvivu. Kwa mgonjwa ndiyo tofauti ya kusubiri siku moja na kusubiri wiki. Ni hapa, baada ya yote hayo, ndipo ombi la mtaalamu wa pili linapokuwa na hoja isiyopingika.

Kutokomezwa kwa ndui ni mfano mkubwa wa kukitumia kizuizi kwa ukamilifu. Mwishoni mwa 1966, mashariki mwa Nigeria, William Foege na wenzake walikuwa na chanjo chache zisizotosha watu wote. Badala ya kuzisambaza kidogo kidogo kila mahali, walitafuta palipo na wagonjwa na kuchanja watu waliowazunguka. Mbinu hiyo ya kufuatilia na kuzingira ikaenea. Mgonjwa wa mwisho wa ndui ya asili alipatikana Merca, Somalia, mwaka 1977, na mwaka 1980 Shirika la Afya Duniani likatangaza kwamba ugonjwa umetokomea.

Kabla ya kuiiga, angalia kwa nini ilifaulu. Ndui ilionekana kwa macho, haikuwa na makao kwa wanyama, na chanjo yake ilikinga hata ikitolewa siku chache baada ya mtu kukutana na mgonjwa. Ugonjwa unaosambaa kwa watu wasio na dalili humkwepa mzingiraji. Nadharia huhama kutoka tatizo moja hadi jingine pamoja na masharti yake. Ukiyaacha nyuma umehamisha jina tu.

Hatua ya 4: Watu wanalipwa kwa nini hasa?

Mwaka 1975 Steven Kerr aliandika juu ya upumbavu wa kutuza jambo A huku ukitumaini kupata B. Mwaka huohuo Charles Goodhart, akizungumzia sera ya fedha, alitoa hoja ambayo leo inatumika kila mahali: kipimo kikigeuzwa kuwa lengo, huacha kuwa kipimo kizuri. Mwaka 1991 Bengt Holmström na Paul Milgrom wakaonyesha kwa hesabu kwamba mtu mwenye kazi kadhaa, akilipwa kwa ile inayopimika kwa urahisi, atazitelekeza zisizopimika.

Chora jedwali la safu tatu kwa kila cheo kwenye mradi. Ya kwanza: tunataka afanye nini. Ya pili: tunahesabu nini. Ya tatu: nini humletea posho, sifa, kupandishwa cheo au karipio. Jaza ya tatu kwa kumuuliza mhusika mwenyewe, maana mikataba haisemi yote. Utakuta, kwa mfano, tunataka vyoo vitumike, tunahesabu vyoo vilivyojengwa, na msimamizi anasifiwa kwa kumaliza fedha kabla ya mwaka wa bajeti kufungwa. Matokeo yake ni vyoo vya kuhifadhia kuni, na hakuna mtu mbaya katika mnyororo huo.

Marekebisho ni haya. Usiweke kipimo kimoja peke yake. Kila kipimo cha wingi kiwe na mwenzake wa ubora, na cha tatu kinachoangalia madhara. Shule ikipimwa kwa ufaulu, pima pia idadi ya wanafunzi walioacha kabla ya mtihani, kwa sababu njia rahisi ya kupandisha ufaulu ni kuwaondoa wanaoelekea kufeli. Kila mwezi chagua rekodi 20 kwa bahati nasibu na uende kuzihakiki zilipotoka, nyumba kwa nyumba. Anayehakiki asiwe yule ambaye posho yake inategemea jibu. Na pale ambapo nusu ya kazi haipimiki, kama uuguzi au ualimu, punguza malipo ya kipimo badala ya kuyaongeza. Mshahara wa uhakika na usimamizi wa karibu huharibu kidogo zaidi.

Hatua ya 5: Mali ya wote

Msitu, malisho, samaki, maji ya ardhini. Kwa muda mrefu ushauri ulikuwa wa namna mbili tu: serikali ichukue, au mali igawiwe watu binafsi. Elinor Ostrom, aliyepata Tuzo ya Nobel ya Uchumi mwaka 2009, alikusanya mifano ya jamii zilizotunza mali zao kwa karne nyingi bila njia hizo mbili. Mmoja ni kijiji cha Törbel nchini Uswisi, chenye maandishi ya ushirika wa malisho ya tangu 1483. Kanuni yake ya mwaka 1517 ni ya kuigwa kwa wepesi wake: hakuna anayeruhusiwa kupeleka mlimani ng'ombe wengi kuliko anaoweza kuwalisha wakati wa baridi. Haikuhitaji mtaalamu wa kupima nyasi. Jirani yeyote angeweza kuihakiki kwa kuhesabu.

Katika kanuni nane alizoziorodhesha Ostrom mwaka 1990, anza na hizi. Weka mpaka wa mali na orodha ya wenye haki ya kuitumia. Bila orodha, anayejizuia anawaachia wageni. Tunga kanuni inayolingana na mazingira ya mahali na inayoonekana kwa macho: siku za kuvua, ukubwa wa tundu la wavu, zamu za maji kwa saa. Mlinzi awajibike kwa watumiaji, au awe mmoja wao. Adhabu ipande ngazi kwa ngazi: onyo, kisha faini ndogo, kisha kubwa, na kufungiwa kuwe mwisho. Adhabu kali kwa kosa la kwanza haitekelezwi, kwa sababu hakuna jirani atakayemshtaki jirani yake aliyepitiwa mara moja, na kanuni isiyotekelezwa hufa msimu uleule. Pawepo pia mahali pa karibu na pa gharama ndogo pa kumaliza ugomvi.

Mbili zinazosahaulika zaidi ni haki ya watumiaji kubadili kanuni zao, na mamlaka za juu kuitambua haki hiyo. Mradi unaoleta kanuni zilizochapwa tayari umevunja zote mbili siku ya kwanza. Na kumbuka kipimo: ushirika wa kaya 80 hautaweza peke yake kutunza bonde zima la mto. Hapo unahitaji vyama vidogo ndani ya vikubwa, kila ngazi ikiwa na kazi yake.

Hatua ya 6: Waliofaulu tayari, na wenye nguvu ya kuzuia

Mbinu ya mkengeuko chanya huanza kwa swali moja: nani hapa hapa, kwa umaskini uleule, hana tatizo hili? Kuanzia mwishoni mwa 1990 Jerry na Monique Sternin, wakifanya kazi na shirika la Save the Children nchini Vietnam, waliwasaidia wanavijiji kutafuta familia maskini zenye watoto wenye lishe nzuri. Familia hizo zilikuwa zikiokota uduvi na kaa wadogo mashambani mwa mpunga, zikiwapa watoto pamoja na majani ya viazi vitamu, na kuwalisha mara nyingi zaidi kwa siku. Uchunguzi ufanywe na wanajamii wenyewe. Mtaalamu akiugundua na kuja kuuhubiri, unageuka somo la kawaida.

Kuhusu wadau sitakaa sana. Orodhesha kila anayeguswa na uamuzi, na umpime kwa mambo matatu waliyoyapendekeza Mitchell, Agle na Wood mwaka 1997: nguvu, uhalali wa dai lake, na udharura wake. Kisha ongeza safu moja: anapoteza nini mabadiliko yakifaulu? Safu hiyo ndiyo inayotabiri vigingi. Mwenye dai halali na la dharura lakini asiye na nguvu ndiye husahaulika mikutanoni, na mara nyingi ndiye ambaye mradi uliandikwa kwa jina lake.

Hatua ya 7: Jaribu kidogo, ukiwa umeandika utabiri

Mzunguko wa panga, tenda, chunguza, chukua hatua, ulioenezwa na W. Edwards Deming kutokana na kazi ya Walter Shewhart, hufa pale watu wanapougeuza fomu ya kujaza. Uhai wake uko katika utabiri. Kabla ya jaribio andika: "Tukimhamishia karani kazi ya kunakili, sampuli zitakazosomwa Jumatano zitakuwa kati ya 48 na 55." Matokeo yakiwa 43 umejifunza kitu, bila utabiri ungesema tu yameongezeka.

Anza na kituo kimoja kwa siku moja. Kikifaulu, vituo vitano vyenye mazingira tofauti, kikiwemo kile kigumu kuliko vyote. Kisha 25. Kila ukizidisha mara tano, kitu kipya huvunjika: kwanza mawasiliano, kisha vifaa, kisha usimamizi.

Chora grafu ya mstari yenye tarehe chini na kipimo pembeni. Ukiwa na alama kumi au zaidi za kabla ya mabadiliko, weka mstari wa kati, yaani thamani inayogawa alama hizo nusu juu na nusu chini. Alama sita mfululizo upande mmoja wa mstari ni ishara kwamba mfumo umebadilika kweli. Alama moja ya juu haimaanishi chochote. Usimpongeze mtu wala kumkaripia kwa ajili yake.

Hatua ya 8: Kupanua bila kupoteza kiini

Mwaka 2008 Shirika la Afya Duniani lilitoa orodha ya usalama wa upasuaji, ya kuhakikiwa na timu chumbani, yenye vipengele 19. Utafiti wa hospitali nane katika nchi mbalimbali, uliochapishwa mwaka 2009, ulionyesha vifo vimeshuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8. Kisha jimbo la Ontario, Kanada, likaifanya orodha ya upasuaji kuwa ya lazima, na utafiti wa hospitali 101 uliochapishwa mwaka 2014 haukukuta upungufu wenye maana wa vifo wala wa madhara. Watafiti wamejadiliana sana kuhusu sababu. Kwa msimamizi, linalofaa kuzingatiwa ni kwamba takwimu za kujaza orodha zinaweza kukaribia asilimia 100 bila kukuambia kama watu chumbani walisimama, wakatajiana majina na kusema wanachohofia.

Kwa hiyo, kabla ya kupanua, gawa mradi wako katika mafungu mawili. Fungu la kwanza ni kiini, kitendo ambacho kikiondolewa matokeo hutoweka. Fungu la pili ni umbo, yaani fomu, sare, jina na ratiba. Kiini kilindwe, umbo libadilishwe na kila kituo kitakavyo. Kisha fanya zoezi la mwanasaikolojia Gary Klein: kusanya kikundi, waambie mwaka mmoja umepita na mradi umeanguka kabisa, na kila mtu aandike peke yake kwa dakika tano kilichouangusha. Soma majibu kwa zamu, mwenye cheo kikubwa akisoma wa mwisho. Chagua matatu yanayojirudia na kila moja lipewe mtu na tarehe.

Endelea kuichora ile grafu kwa miezi sita baada ya fedha za mradi kwisha, ikichorwa na watumishi wa kudumu, ubaoni pale kazi inapofanyika. Alama sita mfululizo zikirudi upande wa zamani wa mstari, kikundi kirudi Hatua ya 2 na kufuata kesi kumi mpya, kwa sababu mkwamo wa sasa si lazima uwe ule wa mwanzo.